Pilau ya Sekunde Tano

Mama aliponiambia nimpigie simu mnunuzi wa vyuma chakavu, nilikuwa nimepiga magoti chini ya cherehani nikitafuta sindano iliyoanguka. Alisema kwa sauti ileile ya kuagiza sukari dukani. Aje Ijumaa asubuhi, achukue masufuria yote matano pamoja na mifuniko yake, na miiko mirefu tutaitia motoni. Niliinuka kwa haraka nikagonga kichwa kwenye meza, na mpaka leo sijui kipi kiliniuma zaidi.

Kwetu masufuria yale si vyombo tu, ndiyo jina la mama. Hapa Likoni ukiulizia nyumba yetu kwa jina la marehemu baba utazungushwa mitaa yote. Ulizia kwa mpishi wa harusi, utaletwa hadi mlangoni na kuambiwa usibonyeze kengele, haifanyi kazi. Amepika tangu kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo niliwahi kujificha ndani ya sufuria kubwa kuliko yote, nikakaa humo mpaka nikapitiwa na usingizi huku nje natafutwa. Nikiisugua siku hizi huingiza kichwa na mabega, na bado nafasi inabaki.

Lakini mwaka mzima ulikuwa umepita bila mtu kuja kumwita. Harusi zilikuwako, vigelegele tulivisikia, ila chakula kililetwa na magari kutoka kisiwani, ng'ambo ya kivuko, kimepangwa kwenye vyombo vinavyong'aa, na wahudumu wamevaa glavu. Mama hakulalamika. Aliyafunika masufuria kwa leso kuukuu nyuma ya nyumba, na kila Ijumaa aliyapangusa vumbi. Kisha ukaja ule ujumbe.

Uliingia kwenye simu yake, kutoka nyumba moja ya upande wa Shelly Beach. Bibi wa nyumba hiyo ni mwenzake mama, walisoma chuo cha Kurani pamoja wakichapwa kwa fimbo moja. Mama amewapikia watoto wake wote walipooa na kuolewa. Sasa mjukuu ndiye anaolewa, na aliyeandika ni yeye mwenyewe bibi harusi, kwa adabu zote. "Shikamoo bibi. Nyumbani wanakutaja sana, lakini mimi sijabahatika kuona kazi yako. Kuna mpishi wa kisiwani ametutumia video. Nawe tutumie yako, Ijumaa tutakaa tuamue."

Nilimsomea. Akaniambia nisome tena. Kisha akauliza, "Pilau yaonwa?"

Nilishuka chini ya cherehani kutafuta sindano iliyoniponyoka.

"Mimi najua pilau yaliwa," akasema. "Ikiwa hata nyumba ile wataka picha, basi mimi kazi yangu imekwisha. Mpigie huyo mtu wa vyuma."

Nikampigia, akakubali kuja Ijumaa. Na video hatukuwa nayo, wala picha moja. Hili mtu asiyekulia kwetu huenda asilielewe. Jiko la harusi ni la wanawake. Ukishavuka ule upenu, buibui linavuliwa, mtu anabaki na leso na nywele zake, jasho linamtiririka, anaimba na kusema maneno ambayo mumewe hajayasikia. Simu haiingii humo. Ikiingia, mwenye nayo ataondoka nayo mwenyewe kabla hajaondolewa. Mama ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, alikuwa akizikusanya simu kwenye ungo na kuziweka juu ya kabati. Kwa hiyo miaka yote ya upishi wake haikuacha ushahidi wowote isipokuwa matumbo ya watu.

Nilimwambia tupike sufuria moja ndogo, nimpige picha mikono tu. Akanitazama kama niliyemwomba avue nguo barabarani. "Nimpikie nani? Simu?"

Basi nikaingia mtandaoni. Nilikuwa nimesikia kwamba akili mnemba siku hizi inatengeneza video, unaiandikia unachotaka nayo inakuchorea watu wakitembea na moto ukiwaka. Mimi ni fundi wa sare za shule, si mtu wa mambo hayo, lakini pia si mtu wa kushindwa na mashine. Cherehani yangu imenigomea mara ngapi na bado inashona. Nikapata programu ya kwanza. Ukitaka video ndefu, isiyo na alama ya kampuni pembeni, ulipe kila mwezi. Ukiwa wa bure, unapewa pointi chache kila siku, zinatosha kipande kimoja cha sekunde tano, labda viwili, na alama yao inakaa pale kwenye kona. Nikachagua bure, na sitajifanya kwamba nilifikiria mara mbili.

Siku ya kwanza, baada ya sala ya alfajiri, nikaandika kwa Kiingereza changu cha shule: mwanamke wa pwani anapika pilau ya harusi kwenye sufuria kubwa. Nikasubiri. Akatoka dada mmoja amevaa kofia nyeupe ndefu ya wapishi wa hoteli, anakoroga kitu cha kijani kwa kijiko cha chai. Pointi zikaisha. Kesho yake nikaandika kwamba makaa yanawekwa juu ya mfuniko, maana bila makaa juu na chini pilau haiivi ikakaa sawa. Mashine ikauondoa mfuniko na kuuwasha moto wali wenyewe. Miali ilipanda hadi darini na mpishi akawa anatabasamu. Nilicheka peke yangu mpaka mama akauliza kuna nini, nikasema hakuna.

Hesabu ilikuwa rahisi. Ilikuwa Jumatatu, nilikuwa na simu moja, na kwa kipande kimoja kwa siku Ijumaa ingenikuta nina kofia ya hoteli na moto.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, anayekaa Chaani. Alikuja kumwona mama akanikuta nimenuna. Nilipomweleza akasema, kwa ile lafudhi yake ya Kigiriama ambayo mimi humtania nayo, "Wifi, kwani mchele wa harusi huchagua peke yako?"

Wallahi nilisimama nikamkumbatia. Kwetu siku mbili kabla ya harusi wanawake huja kuchagua mchele. Kila mtu na ungo wake kifuani, anapewa fungu lake, anatoa vijiwe na chuya, na magunia ambayo mtu mmoja angeyamaliza kwa wiki yanakwisha alasiri moja. Hakuna anayelipwa. Unakuja kwa mwenzako kwa sababu kesho atakuja kwako.

Jumanne baada ya alasiri wakaja. Badala ya nyungo, walikuja na simu na chaja. Walikuwa wanawake wanane, wote waliowahi kupika na mama, pamoja na jirani yetu wa mlango wa pili, mwalimu wa chekechea aliyetoka bara na ambaye Kiingereza chake ni cha kweli. Tukaketi mkekani. Kila mmoja akajiandikisha kwa simu yake na jina lake, akapata pointi zake za siku, nami nikamgawia fungu lake: wewe vitunguu vinavyobadilika rangi, wewe mafiga na kuni, wewe nyama inaingia, wewe wageni wakila sinia. Jirani anaandika, tunangoja, kinatoka kitu, tunapiga kelele. Mmoja alipata vitunguu vinavyojimenya vyenyewe na akataka vibaki hivyohivyo. Kufika magharibi nilikuwa na vipande sita vya kufaa. Jirani akaviunganisha kwenye simu yake, akaweka mdundo wa dufu chini yake. "Iko fiti," akasema.

Na ilikuwa fiti. Wanawake wamejifunika vichwa vizuri, moto unawaka, moshi unapanda, sinia linafuka. Hakuna nywele za mtu yeyote wa kweli zilizoonekana. Nilijiona nimefika. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio huniwaka: niliituma palepale kwa bibi harusi, kabla ya kumwonyesha mama. Nilitaka nimwonyeshe ikiwa imeshakwenda, nimwambie umeona, mwanao amemaliza.

Mama aliitazama mara moja. Akarudisha simu, akasema taratibu, "Huyu yuala kwa mkono wa kushoto."

Nikaangalia. Kwenye kile kipande cha mwisho, kile kizuri kuliko vyote, mzee amevaa kanzu na kofia ya vito iliyodariziwa, ndevu zake nyeupe, ameketi mbele ya sinia kwa heshima zake, na anachota wali kwa mkono wa kushoto. Anautia kinywani. Anachota tena. Sote kumi tulikuwa tumekitazama kile kipande labda mara ishirini, tunasifu kanzu.

Wifi alijifunika uso kwa leso. Tulikuwa tumetuma kwa nyumba ya watu wa dini, kwa jina la mama yangu, pilau inaliwa kwa mkono wa chooni. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani na simu yangu.

"Ulimwambia ale kwa mkono upi?" mama akaniuliza.

"Niliandika ale kwa mkono."

"Upi?"

"Mama, kwani mtu huambiwa upi?"

"Mtu haambiwi," akasema. "Huyu si mtu. Huyu ni mgeni, hajui lolote, na wewe umemkaribisha kwenye sinia bila kumwambia. Kosa si lake."

Nilidhani ataondoka. Badala yake alivuta kigoda akaketi katikati yetu, akajifunga leso ya pili kiunoni kama anavyofanya akianza kazi. Akasema ikiwa mashine haijui, basi iambiwe kila kitu. Akaanza kueleza. Kitunguu kikatwe vipi, na kiungue kiasi gani kabla ya kunyunyiziwa maji, na kwa nini ukigeuza uso wakati huo umeharibu harusi. Nyama ikae wapi. Mchele uoshwe mpaka maji yaweje. Unajuaje maji yametosha bila kupima, kwa kusimamisha mwiko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, na mfuniko uzibwe kwa kitambaa gani. Sinia likishatua, nani anaanza kula, na kila mtu anakula mbele yake, havuki kwenda kwa mwenzake. Mimi nimekaa jikoni kwake miaka arobaini na kitu, na nusu ya mambo yale nilikuwa nikiyafanya bila kujua kwamba ninayajua. Wifi, Mungu ambariki, alikuwa ameweka simu yake pembeni inarekodi sauti.

Jumatano na Alhamisi wakarudi tena na chaja zao. Sasa tulikuwa tunaandika maneno ya mama, jirani anayatia Kiingereza, na vipande vilibadilika. Makaa yalikaa juu ya mfuniko. Wale wanawake wa mashine walianza kushika mwiko kama watu wenye mikono. Lakini yule mzee wa kanzu alikuwa mkaidi. Tuliandika mkono wa kulia, akala kwa kushoto. Tukaandika tena, akala kwa yote miwili. Nikapata wazo la kukigeuza kile kipande cha kwanza upande kwa upande, simu inafanya hivyo bure, kushoto kukawa kulia. Nilijipongeza kwa sauti. Mama akauliza, "Na hiyo alama pembeni, mbona imegeuka?"

Kweli, alama ya wenye programu ilikuwa inasomeka kinyumenyume. Nikasema hilo dogo, tutaifunika kwa ua.

"Alotusaidia kazi bure mwamfichia nini jina lake?" akasema. "Na muandike pale mwanzo kwamba picha hizi ni za mashine. Mimi sijampikia yule mzee. Nisije nikaulizwa."

Kufika Alhamisi jioni simu zote kumi hazikuwa na pointi hata moja, na mzee hakuwa na mkono wa kula. Mmoja alikuwa anazungusha chaja yake. Mama akatoa simu yake kifuani. "Na hii yangu haina hizo pointi?"

Hakuna aliyekuwa ameifikiria. Tulimwandikisha, jirani akashika simu tayari kuandika, na mama akasema maneno polepole, kama anayemfunza mtoto. Mzee aketi, goti moja liinuliwe. Mkono wa kushoto auweke chini ya goti, usionekane kabisa. Aseme bismillahi. Ale kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, mbele yake tu. Tukangoja. Ule mstari unaojaa kwenye skrini ulikwenda polepole kuliko siku zote.

Akatoka. Goti limeinuliwa, mkono wa kushoto haupo, na mkono wa kulia unachota kidogo mbele yake kwa adabu ambayo wajomba zangu wengine hawana. Tulipiga vigelegele mpaka watu wa dukani wakaja kuuliza nani ameposwa. Mama hakupiga. Alisema tu, "Enhe," akachukua simu yake akaifuta kwa ncha ya leso.

Tukaiunganisha upya. Mwanzo tuliandika kwamba picha ni za mashine, upishi na sauti ni vya mwenyewe, na chini yake tukaweka sauti ya mama akieleza kitunguu na makaa. Tukaituma.

Ijumaa asubuhi mnunuzi wa vyuma akaja na mkokoteni wake. Nilikuwa nimesahau kabisa kumzuia, na jibu lilikuwa halijaja. Nilitoka nje nikijua kwamba yale masufuria yakipanda mkokoteni hayatashuka. Mama alikuwa ameshamtangulia nyuma ya nyumba. Aliondoa leso, akayatazama yote matano, akamkabidhi birika lililotoboka na fremu ya kitanda.

"Niliambiwa masufuria," yule mtu akasema.

"Uliambiwa kweli. Nimebadili nia."

Alipoondoka nikamuuliza, "Na wale wakikataa, mama?"

"Wakikataa wamekataa wao. Siku tatu nimesema yote ninayoyajua na sikufika mwisho. Nitauzaje vyombo vya kazi nisiyoimaliza?"

Jibu lilikuja baada ya sala ya Ijumaa. Halikutoka kwa bibi harusi, lilikuwa ujumbe wa sauti wa bibi yake. Alianza kwa salamu ndefu, akauliza hali ya kila mtu hadi ya kuku. Kisha akasema, "Mwenzangu, ile ya kwanza nilipoiona wala sikukasirika. Nilisema, mwenzangu amekufa na mimi sikuambiwa. Maana ukiwa hai, hakuna alaye sinia lako kwa kushoto. Ya pili nimesikia sauti yako. Nimewanyamazisha wote sebuleni, na huyu mjukuu wangu ameirudia ile ya makaa mara tatu. Asema ataka hayo makaa juu ya mfuniko, na ataka aje akuone ukiyaweka. Njoo utupikie, inshallah."

Mama alijibu "Abee" kwa simu, ingawa mtu hakuwa akiita. Halafu akaingia ndani, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na alinilaumu kwamba nimeacha vumbi kwenye mifuniko.

Siku ya harusi tulipika upande wa Shelly Beach, masufuria yote matano motoni, na wanawake walewale wanane na jirani yetu wa bara aliyefunzwa kupalia makaa. Bibi harusi aliletwa upenuni amejifunika kanga, akatazama, akafurahi. Mlangoni mama aliweka ungo, akazikusanya simu zote kama zamani, ya kwake ikiwa juu. Kwa hiyo bado hatuna picha yake hata moja akipika. Nilijua hilo nikiwa nimesimama pale na mwiko mkononi, na sikuona kama tumekosa kitu. Niliona fahari tu, kwake na kwangu na kwa wale wanawake waliokuja na chaja. Hatukumlipa mtu, na hatukumdanganya mtu.

Chakula kilipokwisha kupakuliwa na masufuria yakabaki na ukoko, mama aliketi na mwenzake ukutani, miguu imenyooshwa. Akanituma nimletee simu yake kutoka kwenye ungo. Akaifungua mwenyewe, akatafuta, akamsogezea. Nilichungulia juu ya bega lake. Alikuwa yule mzee wa kanzu, sekunde zake tano, anachota kwa vidole vitatu.

"Mtazame huyu," mama akamwambia. "Alikuwa hajui. Kula nimemfunza mimi."